Msongo wa Mawazo Unapohamia Mgongoni: Ifahamu Tiba ya Mikono na Mipaka Yake

Juma la mwisho la mwezi Juni huwa na pilikapilika za pekee katika ofisi nyingi za halmashauri nchini. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, hati za malipo zimerundikana mezani, mfumo wa malipo unafunguka kwa kusuasua kwa kuwa kila mmoja anautumia kwa wakati uleule, na kila mkuu wa idara anataka kujua hatima ya fungu lake. Mhasibu aliyeketi mbele ya kompyuta tangu saa moja na nusu asubuhi anaweza kufika saa mbili usiku bila kukumbuka kwamba hakula chakula cha mchana. Anachokikumbuka ni shingo yake. Imekaza mithili ya kamba, bega la kulia linawaka moto, na anapojilaza kitandani kichwa kinauma kuanzia kisogoni na kupanda hadi juu ya macho. Asubuhi yake humwambia mwenzake kwamba amelala vibaya.

Maumivu ya namna hiyo hayachagui kazi. Wapo wanaoyapata mwezi Januari, wakati ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba vinapobisha hodi kwa pamoja. Wapo madereva wa mabasi ya masafa marefu, waendesha bodaboda, mafundi cherehani na mama lishe anayeinama juu ya jiko tangu alfajiri huku akiwaza marejesho ya mkopo, ile mikopo umiza ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wengi wao huanza kwa kununua dawa za kutuliza maumivu dukani. Dawa zinapoacha kusaidia, hutokea ndugu au jirani wa kuwaambia kwamba kuna mahali watu "wananyooshwa mgongo" na kurudi nyumbani wakiwa wepesi.

Makala haya yanaeleza jinsi msongo wa mawazo unavyogeuka kuwa maumivu ya mwili, nini tiba ya mikono ijulikanayo kama kairopraktiki inaweza kufanya juu ya maumivu hayo, na mahali ambapo mwananchi anapaswa kusita kabla ya kumkabidhi mtu mwingine shingo yake.

Uhusiano kati ya hofu na mwili ulianza kuchunguzwa kisayansi zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1915 mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kilichoeleza namna mwili wa mnyama unavyojiandaa mbele ya hatari, ama kupambana ama kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alitoa barua fupi katika jarida la Nature ikionesha kwamba panya waliopatwa na madhila ya aina tofauti, kama vile baridi kali, majeraha au kuchoshwa kupita kiasi, waliishia kuwa na mabadiliko ya mwili yanayofanana. Kazi za watafiti hao ndizo zilizoweka msingi wa kile ambacho leo kinaitwa msongo. Kiswahili kimelichukua neno hilo kutoka kwenye kitenzi kusonga, na yeyote aliyewahi kusonga ugali wa familia kubwa anaelewa bila kufafanuliwa kwamba kinachosongwa hubanwa kutoka pande zote.

Ubongo unapotambua tishio, hupeleka amri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini ndani ya sekunde chache, na baadaye kidogo homoni ya kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka, sukari huingia kwa wingi katika damu, pumzi huwa fupi na ya juujuu, na misuli ya taya, shingo na mabega hukaza. Kwa mtu aliyekutana na nyati njiani maandalizi hayo ni neema, kwa kuwa atakimbia, atapanda mti, na muda si mrefu baada ya hatari kupita misuli yake italegea. Ujumbe wa simu unaoarifu kwamba mkopo umepita tarehe ya marejesho haukimbiwi wala haupigwi. Mwili hujiandaa vilevile, lakini mwenye mwili ameketi.

Misuli inayobaki imekaza kwa saa nyingi huchoka na kuuma, na mara nyingi mtu anayejipapasa kati ya shingo na bega hukuta vijifundo vigumu vinavyouma vikibonyezwa. Aidha, anayepumua kwa kuinua kifua badala ya kutumia tumbo huitwisha misuli ya shingo kazi ambayo si yake, na binadamu hupumua zaidi ya mara 15,000 kwa siku. Kinachofuata ni usingizi kukatika. Ubongo usiopata usingizi wa kutosha hupungukiwa na uwezo wa kuzima taarifa za maumivu, hivyo kile ambacho jana kilikuwa usumbufu mdogo leo kinakuwa mateso, na mateso hayo yenyewe yanakuwa sababu mpya ya mtu kuwa na mawazo.

Ni vyema ikaeleweka kwamba kumwambia mtu kuwa maumivu yake yamechangiwa na msongo si kumwambia kwamba anajifanya. Misuli imekaza kweli na maumivu ni ya kweli. Kauli ya "huna ugonjwa, ni mawazo tu", ambayo wagonjwa wengi hurudi nayo nyumbani, si sahihi na imewafanya wengi waache kurudi katika vituo vya kutolea huduma.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo inaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna sababu nyingine inayowazuia watu wengi zaidi ya hiyo kuendelea na shughuli zao za kila siku. Shirika hilo, kwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani (ILO), lilieleza mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi uliopitiliza huigharimu dunia siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka. Takwimu hizo mbili hutolewa na idara tofauti na husomwa na watu tofauti, ilhali mara nyingi zinamhusu mgonjwa mmoja.

Kuikimbilia mikono ya mtu mwingine pale mwili unapouma ni desturi ya kale kuliko hospitali. Katika nyumba nyingi si ajabu kumkuta babu amelala kifudifudi mkekani akimwita mjukuu ampandie mgongoni na kumkanyagakanyaga taratibu. Wapo wakandaji wanaofahamika kijiji kizima, wapo waunga mifupa, na mijini wapo vinyozi ambao baada ya kumaliza kunyoa humkamata mteja kidevu na kisogo, humzungusha shingo ghafla mpaka isikike ikilia, kisha hudai ziada kidogo kwa huduma hiyo. Kairopraktiki ni mwanafamilia wa ukoo huo wa tiba za mikono, ingawa yenyewe ina historia, vyuo na sheria zake.

Jina lake limeundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na kutenda. Mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer, aliyekuwa akiishi katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani. Inaelezwa kwamba Septemba 1895 Palmer alimshughulikia Harvey Lillard, mfanya usafi katika jengo alimokuwa na ofisi, ambaye alikuwa na tatizo la kusikia kwa miaka mingi. Palmer aliukuta uvimbe mgongoni mwa mtu huyo, akausukuma kwa mkono, na akatangaza kwamba usikivu umerudi. Kutokana na tukio hilo alijenga nadharia kuwa pingili za uti wa mgongo zilizohama mahali pake hubana mishipa ya fahamu, na kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote chanzo chake ni hicho.

Nadharia hiyo haikuthibitishwa. Mshipa wa fahamu unaohusika na usikivu hauteremki mgongoni kabisa. Hutoka katika sikio la ndani na kuingia katika ubongo ndani ya fuvu. Magonjwa ya kuambukiza, kisukari na saratani yana vyanzo vyake ambavyo havihusiani na pingili. Hata hivyo, ndani ya kosa la Palmer mlikuwa na jambo dogo lenye manufaa, kwamba mgongo unaouma unaweza kupata nafuu kwa kushughulikiwa kwa mikono yenye ujuzi. Sehemu kubwa ya taaluma hiyo leo imejikita katika jambo hilo dogo. Bado wapo watoa huduma wanaoendelea kunadi lile kubwa, na hapo ndipo mwananchi anapohitaji kuwa macho.

Mtaalamu aliyefundishwa vizuri huanza na maswali. Huuliza maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, mgonjwa anatumia dawa gani, amewahi kuanguka au kuugua nini. Humpima nguvu za miguu na mikono, hisia za ngozi na namna anavyoinama na kugeuka. Akiridhika kwamba hakuna hatari, humlaza juu ya kitanda maalumu, hutafuta kiungo kisichocheza vizuri, kisha hukisukuma kwa msukumo mfupi na wa haraka. Mara nyingi husikika mlio.

Mlio huo umewajengea watu imani isiyostahili. Wengi hudhani ni mfupa unaorudi mahali pake. Viungo vingi vya mwili vimefunikwa na kifuko chenye ute wa kulainisha, na ndani ya ute huo mna gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zinapotenganishwa ghafla, uwazi wa gesi hujitokeza na sauti husikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada waliurekodi mchakato huo kwa mashine ya MRI na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015. Ni kitu kilekile kinachotokea mtu anapojivunja vidole. Kuhusu vidole hivyo, daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 60 ili kuthibitisha kama onyo la mama yake kwamba atapata baridi yabisi lilikuwa la kweli. Mikono yote miwili ilibaki salama, na mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kiungo kinaweza kulia bila mgonjwa kupona, na mgonjwa anaweza kupata nafuu bila kiungo kulia.

Nafuu hiyo hutoka wapi basi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba msukumo huo huamsha vipokezi vya hisia katika viungo na misuli, navyo hubadilisha kwa muda namna uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea taarifa za maumivu. Misuli iliyokaza hulegea, kiungo hucheza kwa uhuru zaidi, na mgonjwa hupata ujasiri wa kujongea ambao hofu ya maumivu ilikuwa imemnyang'anya. Lipo pia lile ambalo watafiti hupata shida kulipima, yaani nusu saa ya mtu kusikilizwa na kuguswa kwa upole na mtu asiyemdai kitu. Kwa mwenye msongo, sehemu hiyo si ndogo.

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu huduma za maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima bila upasuaji. Miongoni mwa huduma zilizoelezwa kuwa zinaweza kutolewa ni elimu inayomsaidia mgonjwa kujihudumia, programu za mazoezi, tiba ya kisaikolojia, kuchuliwa misuli, na tiba ya kusukuma pingili kwa mikono. Mapendekezo hayo yametolewa kwa masharti, kwa kuwa ushahidi uliopo hauna nguvu kubwa, na shirika linahimiza huduma hizo zitolewe kwa pamoja badala ya kutegemea moja. Mwongozo huohuo unashauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya afyuni. Wauzaji wa mikanda ya mgongo katika vituo vya mabasi pengine hawajaupata waraka huo.

Ikichukuliwa kwa ujumla, tiba ya kusukuma pingili hutoa nafuu ya wastani kwa maumivu ya mgongo, inayokaribiana na ile ya mazoezi yanayosimamiwa. Haiondoi msongo wenyewe. Mhasibu aliyetajwa mwanzoni anaweza kutoka kliniki akiwa mwepesi siku ya Ijumaa na kurudi na shingo ileile Jumatano, kwa sababu kiti, saa za kazi na hati za malipo havikwenda naye kliniki. Aidha, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba tiba hiyo inatibu shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, kisukari, ugumba au sonona. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha vidonge vyake kwa kuahidiwa kwamba pingili zikinyooshwa presha itashuka anajiweka katika hatari ya kiharusi.

Ipo hatari nyingine iliyo katika shingo yenyewe. Ndani ya pingili za shingo, kushoto na kulia, hupita mishipa miwili ya damu inayopanda hadi sehemu ya nyuma ya ubongo. Mzunguko wa ghafla na wa nguvu unaweza, ingawa kwa nadra, kuhusishwa na kuchanika kwa ukuta wa ndani wa mishipa hiyo. Damu huganda pale palipochanika, na bonge lake likipanda huleta kiharusi hata kwa kijana. Chama cha Moyo cha Marekani kililizungumzia suala hilo katika taarifa ya mwaka 2014, kikieleza kwamba uhusiano huo upo ingawa haijathibitishwa kila mara kipi kilitangulia, kwani mshipa uliokwisha kuchanika huleta maumivu ya shingo yanayompeleka mtu kutafuta kunyooshwa. Maelezo hayo yanapaswa kumtia wasiwasi zaidi mteja wa kinyozi kuliko wa kliniki. Mtaalamu huuliza na kupima kabla ya kugusa, ilhali kinyozi hana namna ya kumtambua mteja ambaye mshipa wake umeshaanza kuchanika. Kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito au uso kupooza upande mmoja baada ya shingo kuzungushwa ni dharura, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali bila kungoja kesho.

Katika mazingira ya Tanzania, jambo linalohitaji tahadhari kubwa kuliko yote ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi wanaufahamu ugonjwa huo kwa kikohozi cha wiki nyingi, lakini vimelea vyake vinaweza kusafiri kwa njia ya damu na kukaa katika mifupa, na mifupa wanayoipendelea zaidi ni pingili za mgongo. Daktari wa Uingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Huanza polepole, kwa maumivu ya mgongo yasiyo na sababu ya wazi, yasiyopungua kwa kupumzika na yanayozidi usiku. Mgonjwa hupungua uzito, hupata homa za jioni na jasho la usiku. Wengine hawakohoi kabisa, kwa hiyo hakuna anayewaza kifua kikuu. Pingili huliwa taratibu kutoka ndani mpaka zinapoporomoka, kibiongo hutokea, na uti wa mgongo ukibanwa miguu hupooza.

Mgonjwa huyo anapodhani kwamba mgongo wake umechoshwa na mawazo na kazi, kisha akaenda kukandwa au kunyooshwa, pingili iliyokwisha kudhoofika inaweza kuvunjika mikononi mwa mkandaji. Hata isipovunjika, miezi mitatu ya kukandwa ni miezi mitatu ya ugonjwa kuendelea kula mfupa. Dawa zake zipo, na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Anayewahi kabla ya kupooza ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa afya hupanga dalili ambazo zikiambatana na maumivu ya mgongo humtaka mtu aende hospitali kwanza: homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usingizini kila usiku, historia ya saratani, au ajali. Mgonjwa anayeshindwa ghafla kuzuia haja ndogo au kubwa, anayeshindwa kukojoa, au aliyepata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani anahitaji daktari siku hiyohiyo. Wazee ambao mifupa yao imepungua uimara, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wajawazito nao wanapaswa kumweleza mtoa huduma hali zao kabla hajawagusa.

Mwananchi anayetaka huduma ya mikono kwa usalama ana njia iliyo karibu kuliko anavyodhani. Zahanati au kituo cha afya ndipo pa kuanzia, kwa uchunguzi wa awali na rufaa. Vitengo vya fiziotherapia vipo katika hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya taifa, na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam wagonjwa wa mgongo huonwa na timu yenye madaktari bingwa wa mifupa na mishipa ya fahamu pamoja na wafiziotherapia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitoa mafunzo ya fani hiyo kwa miongo kadhaa. Mfiziotherapia hutumia mbinu za mikono zinazokaribiana na za kairopraktiki, na pamoja nazo hufundisha mazoezi ambayo mgonjwa atayaendeleza nyumbani bila kulipia tena.

Wataalamu wa kairopraktiki wenyewe ni wachache katika ukanda huu. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye mafunzo ya muda mrefu, yanayotolewa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg, na taaluma hiyo husimamiwa kisheria. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2005 unataka mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, zikiwemo saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Ni haki ya mgonjwa kuuliza mtoa huduma alisoma wapi, kwa muda gani, na leseni yake imetolewa na nani. Kwa upande wa wakandaji na waunga mifupa wa jadi, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza lenye jukumu la kuwasajili, hivyo cheti cha usajili ni kitu cha kuombwa bila kuona haya. Anayekasirika kwa kuulizwa cheti ameshatoa jibu. Vilevile, anayemtaka mgonjwa alipie vipindi 40 mapema kabla ya kujua kama vitatu vya kwanza vimemsaidia anastahili kuachwa na kitanda chake.

Upande wa chanzo, sehemu ya ahueni imeandikwa katika sheria za nchi, ingawa si wengi wanaoisoma kwa jicho la afya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Saa za ziada nazo zina kikomo cha 50 katika kipindi cha wiki nne. Mwajiri anayeiheshimu ile saa moja ya mapumziko anawaondolea watumishi wake maumivu mengi ya shingo bila kumlipa daktari yeyote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, nayo inamwajibisha kuhakikisha kwamba mazingira ya kazi hayamdhuru mfanyakazi, na kiti kibovu ni sehemu ya mazingira hayo.

Yapo pia ambayo hayahitaji sheria. Kioo cha kompyuta kikiinuliwa hadi usawa wa macho, hata kwa kuwekewa majalada ya zamani chini yake, shingo huacha kuinama. Kusimama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa hufaa kuliko kujinyoosha mara moja jioni. Kupumua taratibu kwa tumbo, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa dakika tano, huteremsha mapigo ya moyo na kulegeza mabega. Dereva anaweza kufanya hivyo kituoni abiria wakiteremka. WHO inapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Mbeba maji apunguziwe ujazo wa ndoo badala ya kusifiwa uimara wa shingo yake.

Palipo na deni, ugomvi wa nyumba au msiba, mazoezi pekee hayatoshi. Maofisa ustawi wa jamii wapo katika halmashauri, huduma za afya ya akili hutolewa katika hospitali, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma si ya waliopoteza fahamu pekee kama wengi wanavyodhani. Mtu anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, aliyepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda au anayewaza kujidhuru anahitaji mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kitanda cha kunyooshewa mgongo.

Kuhusu kiti cha kinyozi, utaratibu ni mwepesi. Mteja aseme kabla hajafungwa kitambaa shingoni kwamba anataka kunyolewa tu, na kichwa kisizungushwe. Kukandwa mabega taratibu kwa kiganja hakuna ubaya, na kinyozi anaweza kulipwa ziada yake kwa hilo.